BMI inakutendea haki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uzito, urefu na afya

Kazi yangu ni kupima watu. Mtu anapanda mizani, anasimama kwenye kipimo cha urefu, nabonyeza kikokotoo, naandika namba kwenye kadi yake. Kabla sijaweka kalamu chini nimeshaulizwa: "Kwa hiyo niko sawa au siko sawa?" Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayofuata baada ya hilo. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine yananichosha hadi leo.

BMI ni nini hasa, na inakokotolewaje?

Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawa kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye urefu wa mita 1.65: 1.65 mara 1.65 ni 2.72, na 70 ukiigawa kwa 2.72 unapata 25.7. Basi, hesabu imeisha. Haina kiuno, haina umri, haina jinsia, haina tone la damu.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ambao wataalamu wa lishe huuita kiribatumbo. Ajabu ni kwamba neno hilo lina tumbo ndani yake, ilhali hesabu yenyewe haijui kama una tumbo.

Rudi kwa yule mtu wetu wa 25.7, ambaye tayari ameambiwa amezidi uzito. Mpime na viatu vyenye soli ya sentimita 3. Urefu unakuwa 1.68, BMI inashuka hadi 24.8, naye amekuwa "wa kawaida" bila kupunguza hata gramu moja. Ndiyo maana nasumbua watu wavue viatu, na ndiyo maana siiamini BMI iliyokokotolewa kwa urefu ambao mtu anaukumbuka tangu ujana wake.

Aliyeibuni alikuwa daktari?

Hapana. Alikuwa Mbelgiji aitwaye Adolphe Quetelet, mwanahesabu na mwanafalaki aliyezaliwa mwaka 1796. Baada ya kuzoea kutafuta wastani katika vipimo vya nyota, akahamishia mbinu ileile kwa binadamu. Alikuwa anamsaka "mtu wa wastani", na katika miaka ya 1830 akaona kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takriban sawa na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa akitafuta nani mnene wala nani mgonjwa. Alikuwa akieleza umati ulivyo.

Hesabu hiyo ililala zaidi ya miaka 100. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakiilinganisha na hesabu nyingine za aina hiyo, wakaipa jina inalotumia hadi leo: "body mass index", kwa kifupi BMI. Wala hawakuisifia sana: walisema kama haitoshelezi kabisa, basi angalau si mbaya kuliko nyingine. Na umeona hapo, wanaume. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja katika jaribio hilo, ilhali hesabu yenyewe ilikuja kutumika kwa wanawake dunia nzima.

Kwa nini mstari ukachorwa kwenye 25?

Kwa sehemu kwa sababu ni namba nzima inayokumbukika. Hatari ya kisukari au shinikizo la damu haina ngazi, ina mteremko. Mtu wa 24.9 na mtu wa 25.1 ni walewale, na pengine tofauti yao ni glasi mbili za maji walizokunywa asubuhi.

Mistari yenyewe imewahi kusogezwa. Hadi mwaka 1998, Marekani ilihesabu uzito uliozidi kuanzia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo wakashusha hadi 25 ili walingane na Shirika la Afya Duniani. Mamilioni ya watu walilala wakiwa na uzito wa kawaida, wakaamka wamezidi. Miili ilikuwa ileile.

Basi jibu moja: ni kipimo cha haki au si cha haki?

Kwa umati, ni cha haki ya kutosha. Ukitaka kujua kama taifa linanenepa au linakonda, kama watoto wa shule wa kizazi hiki ni wazito kuliko wazazi wao walipokuwa na umri huo, huhitaji zaidi ya mizani na rula ndefu. Makosa ya huyu na yule yanafutana. Mwenye misuli mingi anasawazishwa na mwenye misuli kidogo.

Kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti mbele yangu, hakuna wa kumsawazisha. Makosa yote ni yake peke yake. Hapo BMI inafaa kuwa swali la kwanza: "Namba hii iko juu, au iko chini, hebu tuangalie kwa nini." Dhuluma inaanza pale swali linapogeuzwa kuwa hukumu. Na dhuluma hiyo ina pande mbili, ingawa watu hulalamikia upande mmoja tu.

Nanyanyua vyuma. BMI inasema nina unene uliokithiri. Nicheke au nilie?

Kama kweli ni misuli, cheka. Wachukue wanaume wawili wa mita 1.75 na kilo 92. Wote wawili wana BMI ya 30. Wa kwanza kiuno chake ni sentimita 84, mabega yamejaa, presha na sukari ziko vizuri. Wa pili kiuno ni sentimita 108 na sukari yake ya asubuhi imeanza kupanda. Kwenye kadi wameandikwa jina moja.

Lakini niseme jambo ambalo halitanipatia marafiki. Utetezi wa misuli unatumiwa na watu wengi kuliko wenye misuli. Wanamichezo ambao BMI inawasingizia wapo, ila ni wachache, nao huwa wanajijua. BMI ikifika 30, wengi wetu tumebeba mafuta. Ukitaka kumaliza ubishi, huhitaji mashine. Chukua tepu ya fundi cherehani.

BMI yangu ni 23. Nimeshapona, si ndiyo?

Hapa ndipo upande wa pili ulipo, na kwangu mimi ndio mbaya zaidi, kwa sababu aliyesingiziwa anakasirika na kupima tena, ila aliyesifiwa bure anakwenda nyumbani akiwa ametulia.

Namfikiria mtu wa aina ninayemwona mara nyingi: mita 1.70, kilo 68, BMI 23.5. Mikono myembamba, miguu myembamba, shati limekaa vizuri hadi anapoketi, ndipo vifungo vya katikati vinapoanza kuvutana. Kiuno sentimita 96. Mizani haikuona kitu. Anayo misuli kidogo na mafuta mengi mahali pabaya, na jumla yake imetoka "kawaida".

Mahali ndipo penye kisa. Mafuta ya chini ya ngozi, hasa ya nyonga na mapaja, kwa kiasi kikubwa ni ghala. Mafuta yaliyozunguka utumbo na kuingia kwenye ini yana shughuli nyingine: yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, yanachochea uvimbe wa ndani kwa ndani, na mwili unaanza kutoisikia insulini. Huko ndiko kisukari aina ya 2 na magonjwa ya moyo yanakopata mlango. Mwaka 2005 utafiti wa INTERHEART, uliohusisha zaidi ya watu 27,000 katika nchi 52, ulionyesha kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unahusiana na mshtuko wa moyo kwa nguvu zaidi kuliko BMI.

Kuna na kundi jingine ambalo namba ya kawaida inaliumiza: watu wenye matatizo ya kula waliopungua uzito kwa kasi kutoka juu. Mtu anaweza kuwa anajinyima chakula hadi mapigo ya moyo yanapungua na hedhi inakatika, huku BMI yake ikiwa 22 na watu wakimpongeza.

Kiuno napimaje bila kujidanganya?

Simama, miguu imeachana kidogo. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho kando ya mwili, kisha mfupa wa nyonga unapoanzia juu. Tepu inapita katikati ya hivyo viwili, juu ya ngozi au nguo nyepesi, ikiwa imelala sawasawa mbele na nyuma. Pumua kawaida, toa pumzi, soma.

Usivute tumbo ndani. Najua utavuta. Kila mtu huvuta, hata mwenzangu wa kazini huvuta nikimpima. Mimi huwauliza watu swali lolote, habari za watoto au safari, nasoma tepu wanapojibu, kwa sababu huwezi kuongea na kubana tumbo kwa pamoja.

Kiuno kizidi nusu ya urefu? Hapana. Huo ndio ushauri ambao NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliutoa rasmi mwaka 2022 kwa watu wazima ambao BMI yao iko chini ya 35, na sijaona kanuni rahisi kuliko hiyo. Ukiwa na mita 1.70, kiuno kibaki chini ya sentimita 85. Huna tepu? Chukua kamba yenye urefu wako, ikunje mara mbili, izungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, umepata taarifa.

Mistari hiyo inafaa watu wa asili zote?

Haifai sawasawa. Watu wengi wenye asili ya Asia huanza kupata kisukari na matatizo ya moyo kwenye BMI ya chini kuliko Wazungu, kwa kuwa kwa BMI ileile huwa na mafuta mengi zaidi, hasa tumboni. Mwaka 2004 jopo la Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 23 na 27.5 ziwe alama za kuchukua hatua kwao. Japani inahesabu unene kuanzia 25, China inahesabu uzito uliozidi kuanzia 24 na unene kuanzia 28.

Kwa watu wenye asili ya Afrika mambo yamechanganyika. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba, kwa wastani, kwa BMI ileile wana misuli na uzito wa mifupa zaidi na mafuta kidogo ya ndani ya tumbo kuliko Wazungu. Ungedhani basi mstari wao upandishwe. Lakini hatari yao ya kisukari haishuki kwa kiwango hicho, na NICE inawaweka pamoja na Waasia kwenye 23 na 27.5. Kwa hiyo anayesema "BMI ya Wazungu hainihusu" ana haki ya kulalamika, ila asidhani malalamiko hayo yanampa punguzo.

Mwanamke, mzee, mjamzito, mtoto: namba ni ileile?

Wanawake kwa kawaida wana mafuta mengi kuliko wanaume wa BMI ileile, na hilo ni umbile. Baada ya hedhi kukoma, mafuta huanza kuhamia tumboni hata mizani isipoongezeka.

Mjamzito hapimwi BMI ya sasa. Inayotumika ni ile ya kabla ya ujauzito, ili kukadiria aongezeke kilo ngapi.

Mtoto hana mistari ya 25 na 30. Analinganishwa na watoto wa umri na jinsia yake kwenye chati za ukuaji. Tafadhali usimwingize mwanao wa miaka 8 kwenye kikokotoo cha watu wazima, utajitia hofu au matumaini ya bure.

Mzee ndiye anayenifanya nisimame. Umri unamfupisha, misuli inayeyuka, na mafuta yanachukua nafasi yake. Mizani inaweza kusoma kilo zilezile kwa miaka 10 huku ndani mambo yamebadilika kabisa. Kwake mimi huuliza kama anaweza kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono ya kiti. Akipungua uzito bila kukusudia, hata kama namba "imekuwa nzuri", apelekwe kwa daktari, si kupongezwa.

Mtu anaweza kuwa mnene na akawa na afya?

Kwa leo, ndiyo. Wapo wenye BMI ya 33 ambao presha, sukari na lehemu (kolesteroli) zao zote ziko sawa. Ila wakifuatiliwa kwa miaka, wengi wao hawabaki hapo, na hata wanaobaki wana hatari kubwa kiasi kuliko wembamba wenye vipimo vizuri. Magoti nayo hayasomi majibu ya maabara, yanabeba uzito tu.

Mwaka 2025 jopo la wataalamu zaidi ya 50 katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilijaribu kuliweka hili sawa. Walipendekeza BMI isitumike peke yake, mafuta yathibitishwe kwa kiuno au kipimo cha moja kwa moja, halafu watu wagawanywe: wenye unene ambao tayari umevuruga viungo au shughuli zao za kila siku, na wenye unene ambao bado haujavuruga kitu. Wa kwanza wana ugonjwa wa kutibiwa. Wa pili wana hatari ya kufuatiliwa. Kwangu huo ni utu, hata kama utaniongezea kazi.

Nilisoma kwamba wenye uzito uliozidi kidogo wanaishi zaidi. Kweli?

Mwaka 2013 uchambuzi mkubwa ulioongozwa na Katherine Flegal ulikuta watu wa 25 hadi 29.9 wakiwa na vifo vichache kidogo kuliko wa "kawaida". Watu wa vitambi wakafurahi. Mwaka 2016 uchambuzi mwingine mkubwa uliwaondoa waliowahi kuvuta sigara, waliokuwa wagonjwa tayari na waliofariki mapema baada ya kuanza kufuatiliwa, kwa kuwa ugonjwa na sigara humkondesha mtu kabla ya kumuua. Hapo vifo vichache zaidi vikaangukia 20 hadi 25. Wataalamu bado wanavutana. Mimi nachukua hili tu: kati ya 22 na 27 sikunyimi usingizi kwa sababu ya namba pekee.

Kama ina kasoro zote hizi, kwa nini hospitali hazijaiacha?

Kwa sababu haigharimu kitu, haiumizi, na inafanyika popote kwa dakika moja. Pia kwa sababu milango mingi imefungwa kwa kufuli yake. Dawa mpya za kupunguza uzito zimeidhinishwa kwa BMI ya 30, au 27 ukiwa na tatizo la kiafya linalotokana na uzito. Baadhi ya hospitali hazimbadilishi mtu goti akizidi 40. Watu wamenyimwa upasuaji wakaambiwa wapungue kwanza, wakati hilo goti bovu ndilo linalowazuia kutembea. Hapo ndipo neno "haki" linapokuwa na uzito, maana anayezuiwa kwa pointi moja hajapimwa kiuno wala moyo.

Chama cha Madaktari cha Marekani kilikiri mwaka 2023 kwamba BMI ni kipimo chenye mapungufu na kikashauri itumike pamoja na vipimo vingine. Mizani bado ziko palepale mlangoni.

Hakuna hesabu bora?

Zipo nyingi. Mwanahesabu Nick Trefethen, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, alipendekeza mwaka 2013 urefu upandishwe kwa kipeo cha 2.5 badala ya 2, kisha jibu lizidishwe kwa 1.3, kwa sababu BMI inawaonea warefu na kuwapendelea wafupi. Mrefu wa mita 1.90 na kilo 95 anashuka kutoka 26.3 hadi 24.8, na mfupi wa mita 1.50 na kilo 55 anapanda kutoka 24.4 hadi karibu 26. Hoja yake ina mantiki, lakini nayo haijui mafuta yako wapi.

Kipimo cha DEXA kinatenganisha mifupa, misuli na mafuta kwa mionzi hafifu, ila ni mashine ya hospitali. Zile mizani za nyumbani zinazodai kusoma asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo mwilini, na jibu lake hubadilika ukinywa maji. Zitumie kuona mwelekeo, usiape kwazo.

Nimefanya mazoezi miezi minne na BMI haijasogea. Nimepoteza muda?

Umepima kitu kisichohusika. Mazoezi hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo na kushusha presha hata uzito usipobadilika. Pima kiuno, pima presha, angalia unapanda ngazi namna gani. Na kama uzito umepungua kidogo, usiudharau: yule wa kilo 92 akipoteza asilimia 5 anabaki na kilo 87.4 na BMI ya 28.5, bado "amezidi", lakini kupungua kwa kiasi hicho mara nyingi kunatosha kuanza kurekebisha sukari na presha.

Naweza kukataa kupimwa uzito?

Mara nyingi, ndiyo. Uliza tu: "Uzito unahitajika kwa shughuli ya leo?" Wakati mwingine unahitajika kweli: kipimo cha dawa, dawa ya usingizi, ujauzito, figo, au moyo unaojaza maji mwilini, ambako kilo mbili za ghafla ni habari ya dharura. Kama namba ndiyo inayokuumiza, panda mizani ukiipa mgongo na umwambie anayekupima asiitamke. Wanaonifanyia hivyo wapo kila wiki. Naandika kwenye kadi, naifunga, tunaendelea na mengine.